Nilivyochagua vikanyagio vya pikipiki ya theluji

Najua nimewatupa kwa muda. Kazi zilinibana, na kila nilipokaa kuandika nilijikuta nasoma habari za vyuma. Leo basi naandika kuhusu hivyo vyuma. Hakuna hata mstari mmoja wa msimbo katika makala haya, lakini mkinivumilia mtaona kwamba hatujaenda mbali sana na kazi yetu ya tarakilishi.

Wengi mnajua mimi ni mzaliwa wa Nyeri, na kazi ya kuandika programu ndiyo iliyonileta hapa Utah, Marekani. Theluji niliiona tangu utotoni, ila kwa mbali, asubuhi Mlima Kenya unapojifunua kabla mawingu hayajaufunika. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningeikanyaga, sembuse kuendesha pikipiki juu yake.

Kwa wasioijua: pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili za kuielekeza, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozunguka na kuisukuma. Ile ya milimani ina mkanda mrefu (wangu ni inchi 163) wenye meno marefu ya kuchota theluji laini. Mkanda huo unazunguka chini ya bati la alumini lililokunjwa kama paa. Pande zote mbili za bati kuna ubao mwembamba wa kusimamia, kuanzia karibu na injini hadi nyuma. Huo ndio nitauita kikanyagio.

Kwenye njia tambarare mtu huketi. Mlimani husimama karibu muda wote, na mashine huiongoza kwa uzito wa mwili zaidi kuliko kwa usukani. Mfikirie makanga wa matatu anayening'inia mlangoni. Maisha yake yote yako kwenye ile ngazi moja.

Sasa nianze na kisa chenyewe. Ilikuwa Februari 2023, majira yale ya baridi ambayo Utah ilivunja rekodi yake ya mwaka 1983 kwa wingi wa maji yaliyomo kwenye theluji ya milimani. Tulitoka Kamas, mji mdogo mashariki ya Salt Lake City, tukafuata barabara ya Mirror Lake. Wakati wa baridi barabara hiyo hufungwa kwa magari ikawa njia ya pikipiki za theluji. Inapanda milima ya Uinta hadi karibu mita 3,270 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa na jirani yangu, fundi wa magari aliyestaafu, ambaye mimi humwita Mzee ingawa yeye hajui uzito wa jina hilo kwetu.

Asubuhi tulisoma taarifa ya Utah Avalanche Center kuhusu hatari ya maporomoko. Kila mmoja alikuwa na kifaa cha kutoa ishara, koleo na fito ya kupimia. Hayo tuliyafanya sawa.

Mchana nikawa nakata mteremko kwa ubavu, mlima ukiwa kulia kwangu. Ili kufanya hivyo unailaza mashine upande wa mlima na kuweka uzito wako wote kwenye kikanyagio cha upande huo. Katikati ya mteremko buti langu la kulia likateleza kana kwamba nimekanyaga sabuni. Nilianguka. Kamba ya kuzimia injini ikachomoka kama inavyotakiwa, injini ikanyamaza. Lakini kilo 200 zikishaanza kuteremka hazihitaji injini. Mashine ilibingirika kuelekea bondeni, alikokuwa Mzee akinisubiri. Ilimpita kama hatua tatu hivi, ikajikita kwenye msonobari.

Mzee hakusema neno. Alivua helmeti, akaketi kwenye theluji. Mimi mikono ilinitetemeka hadi jioni. Kosa la kwanza lilikuwa letu sote wawili: hausubiri mtu ukiwa chini yake, na hupandi juu ya mtu anayesubiri. Lakini kosa la pili lilikuwa chini ya buti langu.

Nilipompigia mama simu sikumweleza yote. Nilimwambia tu kwamba niliteleza. Akauliza, "Kwani hiyo pikipiki yako haina mahali pazuri pa kukanyaga?"

Sikuwa na jibu.

Basi nikafanya lile ambalo sisi watu wa programu hulifanya tukiogopa: nikatengeneza jedwali. Niliorodhesha vikanyagio tisa vya watengenezaji mbalimbali, wale wanaouza vifaa vya kubadilisha vya kiwandani. Nikaweka safu ya bei, ya uzito, ya vipimo na ya rangi (ndiyo, ya rangi). Halafu nikalipanga kwa uzito, chepesi kikiwa juu. Hoja yangu haikuwa ya kijinga. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo pale juu unabaki na kama theluthi mbili tu. Kila gramu ni mzigo. Nilibakisha kubonyeza tu ili ninunue kile chepesi kuliko vyote.

Jioni hiyo Mzee alipita gereji kwangu. Nilimwonyesha jedwali kwa fahari. Alilitazama, akauliza, "Barafu hukaa wapi?"

Nikamwambia hukaa kwenye kikanyagio. Akasema, "Kikanyagio kina urefu wa zaidi ya mita moja. Wapi?"

Jamani, mimi hulipwa mshahara kwa kuwauliza watu swali hilohilo. Mteja akisema programu haifanyi kazi, namuuliza: wapi, lini, ulikuwa umebonyeza nini? Na hapa nilikuwa karibu kutumia dola mia kadhaa kutibu ugonjwa ambao sikuwa nimeupima.

Kwa hiyo nilisubiri. Safari nne zilizofuata nilikuwa nasimama kila baada ya saa moja kupiga picha vikanyagio vyote viwili, kulia na kushoto. Picha zilipokusanyika, jibu lilikuwa wazi. Nyuma, ambako nilidhani ndiko kwenye shida, theluji ilikuwa laini na ukiipiga teke inatoka. Kushoto kulikuwa na nafuu. Shida ilikuwa kulia, robo ya mbele, pale ncha ya buti inapokaa. Joto la injini na ekzosi linafika pale. Theluji inayeyuka kidogo, buti linaikandamiza, kisha inaganda tena. Vitobo vya kiwandani vya sehemu ile vilikuwa vidogo, basi ilikuwa inajengeka tabaka juu ya tabaka hadi meno ya chuma yanafunikwa kabisa. Nilikuwa nimesimama juu ya sahani ya barafu, na meno ya kunishika yalikuwa chini yake, hayana kazi.

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nauliza swali la kando. Kikanyagio kina kazi mbili. Ya kwanza ni kushika buti, na hiyo ndiyo kila muuzaji anaisifia. Ya pili ni kuiachia theluji ipite. Ya pili ikishindikana, ya kwanza haipo.

Nilifuta safu ya rangi, nikaandika maswali mapya. Nayaweka hapa kwa yeyote atakayehitaji:

1. Nafasi ziko wapi na zina ukubwa gani? Vingine vina matundu makubwa katikati na nyuma, lakini mbele vimezibwa. Kwangu hivyo havikuwa na faida.

2. Meno yana ukali gani? Makali sana hushika vizuri, lakini hula soli za buti, na ukianguka juu yake yanakula na goti.

3. Ukingo wa nje ukoje? Ukingo ulioinuka kidogo huzuia buti lisitoke nje. Ukizidi, unakuwa ukuta wa kuhifadhi theluji.

4. Upana ni kiasi gani? Kipana ni raha kusimamia, lakini ukiilaza mashine ukingo wake unaburuta kwenye theluji na kukusukuma kutoka mlimani.

5. Kina nguvu kiasi gani? Kikanyagio si pambo. Kinasaidia lile bati lisijipinde mashine inapotua kwa kishindo. Chepesi kuliko vyote kwenye jedwali langu kilikuwa chepesi kwa sababu kilikuwa na chuma kidogo kuliko vyote.

6. Je, ni lazima kubadilisha kizima? Kuna vipande vya meno vya kufunga kwa skrubu juu ya kile cha zamani. Ni rahisi kwa bei na kwa kazi. Kama shida yako ni soli kuteleza kwenye alumini iliyolika, vinatosha. Shida yangu ilikuwa theluji kukosa njia ya kutoka, na kuongeza meno juu ya tundu dogo hakulipanui tundu.

Jedwali lilipopangwa upya, kile cha kwanza kikashuka hadi nafasi ya saba. Nilichonunua kilikuwa cha tano kwa uzito: cha mirija ya alumini, matundu makubwa tangu ncha ya mbele, meno ya wastani, upana sawa na wa kiwandani.

Kukifunga ni habari nyingine. Cha zamani kimeshikwa kwa ribiti, na kila ribiti lazima itobolewe kwa drili kwanza. Shida ni kwamba injini ya mashine hii hupozwa na rejeta zilizo ndani ya lile bati, ambazo theluji inayorushwa na mkanda huzipiga na kuzipoza. Drili ikipita sana umetoboa rejeta, na hapo safari za mwaka zimekwisha. Nilikata kipande cha mrija nikakivisha kwenye ncha ya drili, ikabaki milimita chache tu za kutoboa. Kazi niliyodhani ya saa nne ilichukua Jumamosi na Jumapili. Nikipiga ribiti mpya nilikumbuka sanduku langu la bati la bweni, lililotoka kwa mafundi wa jua kali. Ribiti zake zilidumu miaka minne ya shule bila kulegea. Nilitamani mmoja wa mafundi wale awe pale gerejini anisahihishe.

Januari 2024 tulirudi kwenye mteremko uleule. Safari hii Mzee alisubiri pembeni, juu kidogo, nyuma ya miti. Nilikata mteremko kwa ubavu, mlima kulia. Buti lilikaa. Nilipofika ng'ambo nilitazama chini: kupitia matundu niliiona theluji nyeupe ya mlima, na mbele, pale penye joto, kulikuwa na barafu nyembamba kama ganda la yai. Nikaipiga teke, ikadondoka.

Nisiwadanganye kwamba shida imekwisha. Siku za joto, theluji ikiwa na maji, bado inanata, na mara moja kijiti kilipenya kwenye tundu kikanichoma mguu. Matundu makubwa yana bei yake. Lakini sasa nikisimama kupumzika naangalia kwanza miguu, kisha naangalia nani yuko chini yangu.

Mama aliponiuliza tena, nilimwambia pa kukanyaga papo. Akasema, "Haya. Na ukae kitako mara mojamoja."

Kama kuna msomaji aliyewahi kukaribia kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa, iwe ni kwenye programu, kwenye gari au shambani, tafadhali atusimulie hapo chini. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.