Peni ya Bristol na Ufagio wa Jumamosi

Kila kanisa dogo nililowahi kusali lilikuwa na deni. Kama si la bati, ni la saruji. Kama si la saruji, ni la spika zilizochukuliwa kwa mali kauli kabla ya Krismasi, na Pasaka inafika mwenye duka bado anakuja kukaa benchi la nyuma, yeye ambaye wala si wa dhehebu letu, akisubiri ibada iishe ili amsalimie mhazini. Vitabu vya historia ya Kanisa vinatupa habari za maaskofu, uamsho na migogoro. Natamani siku moja nisome kimoja kilichoandikwa na mhazini.

Kipande cha historia ya namna hiyo kipo, na kinawahusu Wamethodisti. Mwaka 1739 John Wesley na wenzake walianza kujenga nyumba ya ibada mjini Bristol, Uingereza, wakaiita Chumba Kipya, basi. Walijenga kwa kukopa, kama sisi. Februari 1742 waumini wakakutana kujadili deni litalipwaje. Akasimama nahodha mmoja, anayetajwa kwa jina la Kapteni Foy, akapendekeza kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Akajibiwa kwamba wengi wao ni maskini, hata hiyo peni hawana. Nahodha akasema: basi nipeni mimi watu kumi na mmoja, wale maskini kabisa. Atawapitia kila wiki. Mwenye nacho atatoa, asiye nacho yeye mwenyewe atamlipia. Na wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Sasa angalia kilichotokea. Mtu anayekwenda nyumbani kwa mwenzake kila wiki, hata kama amefuata peni tu, anaona mambo. Mmoja wa wakusanyaji hao akaja kumweleza Wesley kwamba muumini fulani haishi kama inavyompasa. Wesley akashtuka: kumbe hiki ndicho walichokuwa wanakitafuta siku zote! Jambo hili alilieleza baadaye, mwaka 1748, katika barua ndefu aliyomwandikia Vincent Perronet. Makundi yale ya watu kama kumi na wawili, yaliyoundwa ili kulipa deni la jengo, yakawa uti wa mgongo wa Umethodisti. Uchungaji uliingia kwa mlango wa michango.

Mimi si Mmethodisti. Wamethodisti walianza kazi Afrika Mashariki katika pwani ya Kenya, Ribe, mwaka 1862, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ni wachache. Mimi nimelelewa Moraviani, Rungwe, mkoani Mbeya. Lakini hawa ni ndugu. Wesley alikutana na Wamoraviani melini akielekea Georgia, Marekani. Januari 1736 dhoruba kali ikapiga, Waingereza wakapiga mayowe, na wale Wajerumani wakaendelea kuimba. Jambo hilo halikumtoka kichwani. Mwaka 1738 alisafiri mpaka Herrnhut, Ujerumani, akajionee wanavyoishi. Kanisa la watu hao hao wa Herrnhut ndilo lililotuma wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891. Kwa hiyo nikisoma habari za ile peni, nasoma habari za ukoo.

Anayeijua Rungwe anaijua mvua yake. Kule bati halihesabiwi miaka, linahesabiwa masika. Utotoni mwangu kazi ya kanisa haikuwa na mwisho: kuzibua mitaro, kung'oa majani ukutani, kusogeza mabenchi kila tone jipya linapoanza, kuweka sufuria chini yake. Wiki moja kabla ya Pasaka tulikwenda makaburini na majembe na mapanga, maana Wamoraviani alfajiri ya Pasaka hukutania makaburini kumsubiri jua na Bwana aliyefufuka. Desturi hiyo ilianza Herrnhut mwaka 1732. Sisi watoto hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba kaburi lisilofyekwa ni aibu ya watu wote, si ya ukoo wa marehemu peke yake.

Watu hupenda kusema makanisa haya yalijengwa na Wajerumani. Sawa. Lakini mwaka 1916 vita ilipofika huku, Waingereza waliwakamata wamisionari wa Kijerumani na kuwaondoa. Kwa miaka kadhaa kazi ya Rungwe ikasimamiwa na Waskoti wa Livingstonia, kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mpaka Wamoraviani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Vita vya pili vikawaondoa Wajerumani tena. Miaka yote hiyo nani alipanda juu kuziba paa? Nani alifagia? Ni walimu na wazee wa hapo hapo, na wake zao. Jiwe la msingi huandikwa jina na tarehe. Sijawahi kuona kibao cha aliyefagia miaka arobaini.

Kazi ndiyo iliyonileta Iringa. Kanisa lililo karibu na ninapokaa ni la Kilutheri, nami sikuona sababu ya kupanda daladala Jumapili kumtafuta Mungu yule yule, nikahamia. Tofauti ya kwanza niliyokutana nayo ni irabu moja tu: kule tunasema ushirika, hapa wanasema usharika. Mengine nilikuwa nayajua. Mtaa wetu ni mdogo, na jengo letu ni la tofali za kuchoma, bati la geji 30 juu ya kenchi za mbao ambazo hazikutiwa dawa. Hili ni jambo la kushangaza katika mkoa wenye msitu wa Sao Hill, ambako nguzo na mbao zilizotiwa dawa zinapita barabarani kila siku kwa malori. Mchwa waligundua kosa hilo mapema kuliko kamati ya ujenzi.

Hela za kukarabati zinatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni mnada. Ibada ikiisha tunatoka nje, na mzee mwenye sauti anashika kuku mkononi. Kuna mayai, vitunguu, debe la mahindi, mkungu wa ndizi. Parachichi mbili zinaweza kununuliwa kwa elfu kumi, mnunuzi akazirudisha mezani, zikauzwa tena, na tena. Mgeni anaona vurugu. Lakini mnada una heshima yake: asiye na hela analeta yai, na yai lake linanadiwa kwa sauti ile ile iliyomnadi beberu wa mwalimu mkuu.

Ya pili ni bahasha. Kila msharika ana namba yake na ahadi yake ya mwaka. Orodha ilikuwa inabandikwa mlangoni, namba kushoto, miezi kulia, na aliyelipa anaandikiwa kiasi. Asiyelipa anawekewa kistari.

Mwaka juzi namba moja ilikuwa na vistari saba mfululizo. Ni namba ya bibi mmoja anayeishi na mjukuu wake bondeni, chini ya mashine ya kusaga. Kanisa zima lilipita kwenye orodha ile kila Jumapili. Wazee waliviona vile vistari, mhazini aliviona, na katika kikao kimoja vilitajwa kwa namba, bila jina, chini ya kichwa cha habari "Madeni Sugu". Viliandikwa kama deni, vikasomwa kama deni. Hakuna aliyevisoma kama habari za mtu.

Kumbe bibi yule miezi yote hiyo alikuwa anakuja kanisani kila zamu yake ya usafi. Hakuwa na cha kutia kwenye bahasha, ila mikono alikuwa nayo. Jumamosi moja hakuja. Jumamosi ya zamu iliyofuata hakuja tena. Wanawake wawili wa zamu yake hawakusubiri kikao. Walimaliza kupiga deki, wakachukua fagio zao, wakateremka bondeni.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, wanangu."

Walimkuta amekaa chini mlangoni, mguu umevimba mpaka gotini, anapika huku anajisogeza kwa makalio. Maji alikuwa anachota mjukuu, mtoto wa miaka sita, kwa kidumu cha lita tatu, safari baada ya safari. Kabla hawajauliza la mguu, yeye ndiye aliyeanza kuuliza: "Upande wangu alifagia nani?" Mmoja wao alinisimulia hayo jioni ile ile, na alipofika hapo akashindwa kuendelea.

Bajaji iliitwa, michango ikafunguliwa kwenye pindo za khanga, bibi akafikishwa hospitali. Alipona. Sasa anatembea na mkongojo.

Ningeweza kuishia hapa, tukasema "ufagio oyee", tukaenda nyumbani. Lakini mwaka huu katika mkutano mkuu wa mtaa kamati ilileta mapendekezo mawili. Kwanza, michango ilipwe kwa simu, kwa lipa namba, ili kumbukumbu ziwe safi na hela isipite mikononi mwa watu. Pili, tuajiri kijana wa usafi, alipwe kwa mwezi, zamu zife. Hesabu zao zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kunyanyuka kupinga. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani: Kapteni Foy, Bristol, bibi wa bondeni. Ila mama mmoja wa umoja wa wanawake alinitangulia, na ni mmoja wa wale wawili walioteremka na fagio.

"Jamani, sisi tumechoka," alisema. "Orodha ya zamu ina majina ishirini na sita. Yote ni ya wanawake. Nauza sokoni siku sita, siku ya saba nasali, na ya sita hiyo hiyo nafagia kanisa kabla ya kwenda sokoni. Mnaosema zamu inatuunganisha, mbona hatujawahi kuungana na ninyi pale Jumamosi?"

Wanaume tukakohoa. Kukohoa katika mikutano ya kanisa ni namna yetu ya kukiri hoja.

Alikuwa na haki. Ni rahisi sana kuusifia ufagio ukiwa umeshikwa na mtu mwingine, na sisi tunaopenda kuandika ndio hodari wa kusifia. Tukirudi kwa Foy, uzito wa alichofanya haukuwa kwenye peni. Yeye mwenye nacho ndiye aliyejitwika kutembea, kila wiki, kwa watu kumi na mmoja ambao hawakuwa na faida yoyote kwa deni lile. Angeweza kulipa zile peni kumi na moja zote siku ile ile mezani na kwenda zake. Deni lingepungua vile vile. Wasingejuana.

Ndiyo maana siogopi simu. Hela ikipita kwenye simu ni salama zaidi kuliko kwenye soksi ya mhazini. Ninachoogopa ni siku ambayo kila kitu kanisani kitafanyika bila mtu yeyote kulazimika kumkosa mwenzake. Simu inapokea anayelipa na kunyamaza kwa asiyelipa. Kijana wa usafi atafagia upande wa bibi bila kujua kwamba ulikuwa upande wa mtu. Jengo litang'aa. Na bondeni, chini ya mashine ya kusaga, mtu atakuwa anajisogeza kwa makalio kwenda jikoni.

Nilipopewa nafasi sikuitaja Bristol. Niliomba mambo matatu: orodha itolewe mlangoni, namba yenye vistari miwili itembelewe na mtu asiyebeba daftari, na zamu ya usafi iandikwe upya kwa jumuiya za nyumba kwa nyumba, wanaume na wanawake. Mzee mmoja akauliza kama nimewahi kumwona mwanamume wa Kihehe akipiga deki. Mama yule yule akajibu kwamba sakafu haijui kabila. Watu wakacheka, kura zikapigwa.

Lipa namba ilipita. Orodha ilitoka mlangoni, ingawa bado ipo ofisini na vistari vyake. La kutembeleana lilipita kwa maneno. Litakavyokuwa kwa miguu tutaona. Kijana wa usafi aliahirishwa, si kwa sababu ya hoja zangu, ila kwa sababu mhazini alisimama akasema hela ya kumlipa haipo mpaka kenchi zibadilishwe. Zamu mpya iliandikwa, nami nimo.

Jumamosi ya kwanza ya wanaume ilikuwa kichekesho. Tulimwaga maji kabla ya kufagia, tukatengeneza tope ndani ya nyumba ya Bwana. Bibi wa bondeni alipita na mkongojo wake, akasimama mlangoni, akatuangalia kwa muda mrefu, akaelekeza kwa fimbo: anza madhabahuni, rudi nyuma, mlango mwisho. Tulitii.

Jumamosi iliyopita mzee mmoja wa zamu yetu hakutokea. Saa nne ilipofika, wawili kati yetu waliegemeza fagio ukutani, wakashika njia ya kwenda kwake. Walimkuta amelala tu. Walimwamsha, wakaja naye.