Mboga ya Kichina Katika Mchanga wa Buna

Tulitoka Mombasa baada ya swala ya Alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Hola, na tulipovuka daraja la mto Tana kuingia Garissa jua lilikuwa limekwisha kugeuka. Baada ya hapo hakuna tena mto. Ni Modogashe, Habaswein, Wajir, kisha njia ya kuelekea Moyale, na katika njia hiyo ndipo ilipo Buna. Sisi tuliolelewa chini ya minazi huchukua muda kuuzoea mji ambao mgeni, akishajibu salamu, huulizwa kwanza kama ameona wingu njiani.

Tulialikwa kwa ajili ya nikaha, nayo ilifungwa kwa kheri, walhamdulillah. Lililobaki moyoni mwetu ni bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba tuliyofikia.

Mwenyeji wetu alikuwa mfugaji. Mvua zilipokosekana misimu 5 mfululizo, tangu vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, ng'ombe wake walikwisha wote na mbuzi wakabaki wa kuhesabika. Maziwa, yaliyokuwa chakula cha watoto asubuhi na jioni, yakawa kitu cha kununuliwa. Hapo mkewe akaanza kulima. Kitalu chake hakizidi misala mitatu iliyotandikwa pamoja, na ndani yake mna pak choi, mboga ambayo ndugu zetu wa Dar es Salaam huiita chainizi. Mbegu aliletewa na bintiye kutoka Eastleigh, Nairobi.

Mara ya kwanza alishindwa. Alimwaga mbegu juani, akanyunyizia maji ya kisima yenye chumvi. Miche mingine ikageuka manjano, na iliyosalimika ikapanda maua kabla ya kupata majani ya maana. Mboga hii hupenda ubaridi, na joto likizidi huharakisha kuzaa mbegu kana kwamba inaaga dunia. Mara ya pili alingoja mawingu ya vuli. Alichanganya mchanga na samadi ya mbuzi iliyokaa siku nyingi, akafukia mbegu kina cha sentimita 1 tu, akatundika mkeka mkuukuu juu yake uwe kivuli. Siku ya tano zikachomoza. Alipunguza miche ikabaki shubiri moja baina ya mmoja na mwenziwe. Viwavi walipokuja, alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha na kunyunyizia maji yake. Katika wiki ya sita alianza kuchuma majani ya nje, akiacha moyo uendelee kukua.

Kuwalisha watoto kulikuwa kazi kubwa kuliko kulima. "Majani ni ya mbuzi," mvulana mmoja alisema mbele yetu, na wazee barazani wakacheka kwa namna iliyoonyesha wako upande wake. Mama hakujibu. Alizikaanga kidogo kwa kitunguu na samli, akaziweka juu ya wali, akampakulia mumewe kwanza. Baba alipokula, mtoto naye akala.

Jioni mwenyeji alituletea swali la mkewe. "Maalim, maji ya udhu ni halali kwa mboga?" Nyumbani kwao kila mmoja hutawadha juu ya beseni, na maji hayo ndiyo yanayonywesha kitalu, lakini hayatoshi. Nyuma ya msikiti wa jirani, maji ya wanaotawadha hupotelea mchangani mara tano kila siku.

Tukamwambia kwamba katika madhehebu ya Imam Shafii maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi ni safi, ila hayatwaharishi tena. Kunyweshea mmea hakuna ubaya. Ama maji yaliyomo tangini ni wakfu wa kutawadhia. Mtu asijaze hata birika moja kwa ajili ya bustani, wala asiache bomba wazi makusudi ili mfereji ujae. Israfu katika udhu imekatazwa hata kwa aliye kando ya mto, sembuse Buna. Yanayobaki ni yale yaliyokwisha kumwagika. Tuliona yanaweza kuelekezwa bustanini kwa idhini ya wasimamizi wa msikiti, maadamu hayachanganyiki na maji ya choo.

Mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza: na akianza kuuza mafungu sokoni, je, msikiti hauna haki katika faida hiyo? Alipendekeza atoe kitu kidogo kila avunapo. Tunakiri kwamba alikuwa na tahadhari kuliko sisi.

Tulipoondoka wasimamizi walikuwa hawajakata shauri. Wangekaa tena baada ya swala ya Ijumaa. Mama alikuwa kitaluni na beseni la udhu wa Alfajiri. Miche mitatu ya pembeni alikuwa ameiacha ipande maua, safari hii kwa kutaka, apate mbegu za msimu ujao, naye ameizungushia miiba mbuzi wasiifikie.