Vegas: Mji wa Bahati, Ukumbi Usioitaka

Las Vegas haikusubiri tufike hotelini. Mashine za kamari tulizikuta pale pale uwanja wa ndege, watu wamezikalia, mabegi miguuni. Ilikuwa Agosti 2019, joto la nje si mchezo, na mimi na mume wangu tulikuwa tumesafiri mpaka huko kwa ajili ya ugomvi wetu wa sebuleni.

Ugomvi wenyewe ni huu. Tunacheza Super Smash Bros., ile gemu ya Nintendo ambayo akina Mario na Pikachu wanatwangana mpaka mmoja arushwe nje ya uwanja. Katikati ya pambano vinatokea vitu: gongo la besiboli, uyoga, bomu lenye miguu. Vitu vikiwepo, namchapa. Naye kila nikimchapa anaweka padi chini na kusema, "Bahati yako, bibie." Maneno hayo hayo aliyasema nilipopewa uhariri. Alitania, najua. Lakini yalinikaa.

Evo, mashindano makubwa ya gemu za mapigano, yalikuwa Mandalay Bay. Waliojiandikisha kwa Smash Ultimate peke yake walikuwa 3,492. Na sheria ya huko inajulikana: vitu vyote vinazimwa. Mume wangu alinitazama tu, kimya. Afadhali angesema!

Kusema ukweli, wana sababu. Kwenye Melee, toleo la 2001, kulikuwa na makasha ambayo mengine yalilipuka. Unarusha pigo lako safi, ghafla kasha linatokea mbele ya mkono wako, linalipuka, unayeruka nje ni wewe. Mwaka 2008, humo humo Vegas, waandaaji wa Evo walijaribu kuruhusu vitu kwenye Brawl. Wachezaji wengi walilalamika. Smash iliporudi Evo mwaka 2013, vitu havikurudi nayo.

Mimi nilibisha. Kudaka bomu likiwa hewani ni ujuzi. Kujua lini ulitupe na lini ulikimbie, huo pia ni ujuzi. Anayetawala katikati ya uwanja ndiye anayewahi vitu, na katikati hupewi bure. Halafu mbona Peach anaruhusiwa? Yule binti anang'oa mboga ardhini na kuzitupa, ila mara chache sana hutoka na bomu. Na Mr. Game & Watch ana nyundo inayotoa namba kwa kubahatisha, 1 mpaka 9. Ikitoka 9, aga wenzako. Hiyo si bahati?

Jioni tulipita kwenye meza za poka. (Vegas huwezi kwenda popote bila kukatiza kasino, hata ukitafuta maji ya kunywa.) Tukasimama kuangalia, na hapo mume wangu akanishika pabaya.

"Hawa wanagawiwa karata mara mia kwa usiku mmoja," alisema. "Nzuri na mbaya zinasawazishana, anayejua anaonekana. Kule ukumbini pambano ni michezo mitatu, na ukipoteza mapambano mawili umeaga mashindano. Bomu moja likikudondokea vibaya, utalifidia lini?"

Sikuwa na jibu. Nikatembea hatua kama kumi hivi, ndipo nikalipata.

"Sisi tumecheza michezo mingapi tangu tuoane?"

"Mia tatu. Mia nne."

"Na nani anashinda vitu vikiwepo?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Tulikwenda mpaka kwenye lifti bila neno. Mle ndani akasema, akiangalia namba za ghorofa, kwamba ule uhariri hakupaswa kuuita bahati.

Jumapili tuliona fainali. MkLeo wa Mexico, aliyekuwa ameshapoteza pambano moja na kushushwa upande wa waliofungwa, alipanda mpaka akachukua ubingwa na Joker wake. Ukumbi mzima ulisimama. Hatukujua kuwa tunaiaga: Smash haijaonekana tena Evo tangu mwaka ule.

Chumbani, saa saba usiku, mume wangu alitoa Switch kwenye begi la nguo. Akaingia kwenye mipangilio, akawasha vitu vyote, hata makasha.

"Haya, mhariri," akasema, na kunipa padi.