Gitaa Moja Bila Bendi

Wazazi wengi wa mjini hushtuka wanapomwona mtoto na gitaa. Hudhani njia yake itaishia baa. Nyumbani kwetu Madale jambo hili limezua ubishi tangu binti yetu aombe gitaa la mbao lisilotumia umeme. Mama mkwe alinitazama akasema, "Mwanangu, mtoto wa kike na gitaa wapi na wapi?"

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tumezoea kazi igawanywe: huyu solo, yule rithim, mwingine besi. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki mwaka 1979, alisifiwa kwa solo yake, lakini aliungwa mkono na bendi nzima. Hata hivyo, upo upigaji ambao mtu mmoja huzibeba kazi zote: kidole gumba huongoza besi, vidole vingine huimba juu yake.

Bingwa mmoja wa upigaji huo alikuwa Agustín Barrios, aliyezaliwa Paraguay mwaka 1885. Inasimuliwa kwamba kikongwe ombaomba alibisha hodi mlangoni pake, naye akaigeuza hodi ile kuwa muziki. Katika utunzi huo, wa mwisho maishani mwake, mgongo wa mlango husikika ukirudiarudia chini ya wimbo. Juu yake vidole vitatu hugusa uzi mmoja kwa zamu, upesi hata sauti ikatiririka kama maji. Mtunzi alifariki El Salvador mwaka 1944.

Wala tusidhani ustadi huo ni wa ng'ambo tu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi katika Kongo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean-Bosco Mwenda akiimba Kiswahili. Kwa gitaa moja, "Masanga" yake ilivuka mipaka, na wapigaji wa Afrika Mashariki wakajifunza kwake.

Nilimweleza mama haya yote kwa heshima. Muziki huu hauhitaji baa wala kukesha; unadai saa za upweke, subira, na vidole vinavyouma hadi vizoee nyuzi. Binti atapata gitaa lake, na atajifunza baada ya kumaliza masomo yake ya jioni. Ndugu mzazi, kabla hujamnyang'anya mtoto ala, keti umsikilize. Huenda anachojifunza ni kufanya kazi ya watu watatu kwa mikono yake miwili.