Mgonjwa Haulizwi Uji?

Kila alfajiri nyanya huinuka kwa hatua tatu: mkono hushika ukuta, meno huuma mdomo, kisha goti la kulia hulia kama mlango mkuukuu. Maradhi hayo huyaita baridi yabisi, na jina hilo humtosha. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja likizoni, alimweleza kuwa jina hilo limebeba maradhi zaidi ya moja. Yapo yale ambayo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vya mwenyewe. Yapo pia haya ya goti lake, ambapo gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika polepole, hata mfupa ukasuguana na mfupa.

"Na dawa yake, mjukuu wangu?"

Swali hilo si jepesi. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo tembe zimezwazo hulifikia kwa shida. Dawa ya protini ikidungwa gotini, nayo haikawii kutoka. Ndiposa wataalamu wakawaza: badala ya kupeleka dawa, kwa nini isipelekwe jeni yenye maagizo ya kuitengeneza? Jeni hiyo hupakiwa ndani ya virusi vilivyoondolewa uwezo wa kuzaana, ikaingizwa katika seli za kiungo, nazo seli zikawa kiwanda cha dawa papo hapo panapouma.

Mwaka wa 1996, Christopher Evans na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walianza kuijaribu njia hii kwa wanawake 9 wenye maradhi yale ya kwanza. Seli za viungo vyao zilitolewa, zikatiwa jeni, zikarudishwa katika vifundo vya vidole vilivyokuwa vikingoja upasuaji. Vifundo vilipotolewa, jeni ilionekana ikifanya kazi. Mwaka wa 2025, Evans, akiwa Mayo Clinic, alitoa pamoja na wenzake matokeo ya wagonjwa 9 wa goti: protini iliyokusudiwa iliongezeka kiungoni kwa takriban mwaka mzima. Hata hivyo, jaribio hilo lilikuwa hasa la kupima usalama.

Mjukuu angeweza kukomea hapo, maana tumaini ni tamu. Lakini alimsimulia pia habari za Korea Kusini. Huko, mwaka wa 2017, dawa ya jeni iitwayo Invossa iliidhinishwa kutibu magoti. Ilisemekana kuwa jeni yake imebebwa na seli za gegedu. Mwaka wa 2019 ikabainika kuwa seli hizo zilitokana na figo. Idhini ilifutwa mwaka huo huo, ilhali watu wengi walikuwa wamekwisha kudungwa.

Nyanya alinyamaza kwa muda, akilipapasa goti lake.

"Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji," alisema hatimaye. "Lakini uji nauona bakulini, nauonja kabla sijaumeza. Kilicho ndani ya sindano nitakionaje?"

Mjukuu hakuwa na jibu. Alitambua tu kwamba huruma ya mpishi wa uji haimtoshi mtoaji wa jeni. Huyu sharti aseme kweli, kwa kuwa mgonjwa hana ulimi wa kuionjea dawa yake.

Asubuhi iliyofuata walianza mazoezi ya misuli ya paja. Goti lililia, na mjukuu akahesabu: moja, mbili, tatu.