Ile Noti ya Tatu

Niliyemdhuru alikuwa mwanafunzi wangu, na alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Napiga piano katika hoteli moja ya Shangani. Wageni huja wakiwa wameshaoneshwa nyumba ya Freddie Mercury, yule Farrokh Bulsara aliyezaliwa hapa Unguja mwaka 1946, na wakishakaa tu wanaomba wimbo wake "Bohemian Rhapsody". Wanachokingoja hasa ni pale baada ya sehemu ya opera, gitaa la Brian May, mwenzake kwenye bendi, linapoanza kunguruma. Mwanafunzi wangu, kijana huyo, alipiga sehemu hiyo kwa kodi za pawa: noti ya kwanza na ya tano basi, huku mkono wa kushoto ukishindilia okta chini. Nikamwambia hiyo ni nusu kodi, aongeze noti ya tatu.

"Mbona wapiga gitaa hawaiweki, Maalim?"

"Wavivu."

Uvivu haumo kabisa. Gitaa la roki hupita kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka sauti inakwaruza, na mkwaruzo huo huzalisha sauti za ziada kutokana na noti zinazolia pamoja. Mitetemo ya noti ya kwanza na ya tano inakwenda kwa uwiano wa 2 kwa 3. Tofauti yake ni 1, yaani okta moja chini ya noti ya msingi, na uzito wote ule unatokea hapo. Ukiingiza ya tatu, sauti za ziada zinagombana. Piano haina mkwaruzo, kwa hiyo okta ya chini lazima uipige mwenyewe. Kijana alikuwa akiipiga! Mimi nikamjazia noti tatu zilizobanana kwenye nyuzi nene za besi, zikavurugika kama uji wenye mabonge, nikamsifu.

Nilikuja kuumbuka kwenye mazoezi ya taarabu, nilipoombwa kushika kibodi. Wimbo ulikuwa wa makamu ya Rasti, mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu. Ukiianzia do, noti yake ya tatu inakaa baina ya mi, kibonye cheupe, na kile cheusi kilicho kushoto kwake. Ganuni wanaipata, fidla wanaipata. Kibodi yangu haikuwa nayo. Zipo kibodi zenye vitufe vya kuishusha mi, nami nilikuwa nikizidharau. Nikapiga kodi kamili ya do, na mi yake ndani. Mzee wa fidla akashusha upinde.

"Mwanangu, hiyo mi inatugomba. Itoe."

Nikaitoa. Zikabaki do na sol, kodi ileile niliyoiita nusu, na ganuni ikaanza kusikika.

Siku hizi, kwenye roki, mkono wa kushoto napiga okta, wa kulia ya kwanza, ya tano na ya kwanza ya juu yake. Nazikata fupi, na pedali naiachia kila kodi inapobadilika, kwani nikiikanyaga moja kwa moja ngurumo inageuka ukungu. Ya tatu namwachia mwimbaji, au naiweka mbali juu, kwenye nyuzi nyembamba ambako haimsumbui mtu.

Kijana sasa anapiga kwenye hoteli ya Nungwi. Nilimpigia simu kumtaka radhi, nikamweleza yote, hata lile la mzee wa fidla. Akacheka sana.

"Nimeshasamehe, Maalim. Na ada yangu je?"