Darasa Zima Lilimtaja Mmoja, Naye Hakuwepo Makumbusho

Najua mmekuja kusoma ubuyu wa mastaa, nani kaachana na nani, lakini wiki hii staa wangu ni mtoto wa darasa la sita. Jina kapuni. Na wengine wote humu majina kapuni, shule nayo kapuni, msije kunijazia meseji mnauliza ni ipi.

Iko hivi. Mtoto wa dada yangu anasoma shule moja huku kwetu Temeke. Shule ikaandaa tripu ya kwenda Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, Posta. Mchango shilingi 18,000 kwa kila mtoto. Mwalimu akaomba wazazi wawili watatu wa kusaidia kuhesabu watoto wasipotee, dada yangu biashara imembana, basi nikatumwa mimi. Nimezaliwa Dar hii hii, fomu foo nimemalizia Dar hii hii, na ndiyo mara ya kwanza naingia pale. Siko peke yangu, najua, wengi wenu mnapita kila siku kwenda Posta na hamjui geti liko upande gani.

Darasa lina watoto 90 na kitu. Waliopanda Kosta ni 41. Nilihesabu mwenyewe, ndiyo kazi niliyopewa.

Nusu ya kwanza sina la kuwasimulia sana. Foleni, msiguse, msiongee, andikeni. Fuvu la Zinjanthropus, aliligundua Mary Leakey, Olduvai, 1959. Watoto wameinama kwenye madaftari wanakimbizana na 1959, kinachozungumziwa kiko mbele yao hakuna anayekiangalia. Walichangamka kwenye magari ya viongozi wa zamani tu, maana Rolls-Royce ni Rolls-Royce, hata mwalimu alipiga selfi.

Tukafika kwenye michoro na vinyago. Mwalimu akasema twende, twende, hii haitoki kwenye mtihani.

Hapo ndipo yule dada anayetuongoza akasema, "Samahani mwalimu, naomba dakika ishirini tu." Kwa heshima zote, lakini alikuwa ameshawakalisha watoto chini. Akawaweka mbele ya picha moja. Moja! Chui, wa ule mtindo wa Tingatinga, rangi zinawaka, madoa mpaka kwenye mkia. Akasema kalamu zote ziwekwe chini, halafu akauliza, "Mnaona nini?"

Chui, dada. Sawa, na nini kingine? Kimya. Halafu mmoja akasema chui ana njaa. Umejuaje? Tumbo limebonyea. Mwingine akakataa, hana njaa huyo, anaogopa, tazameni mkia. Mwingine akasema mbona amekaa ubavu na macho yote mawili yanaonekana? Basi ikawa vurugu, wanabishana kama Simba na Yanga, na yule dada hasemi nani kapata nani kakosa, anauliza tu, "Umeona wapi hicho?" Watoto wale wale waliokuwa wanasinzia, wadau.

Wakishachoka kubishana ndiyo akawapa habari za mwenye mtindo wake. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alikuja mjini kutafuta riziki kama baba zetu wengi. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao wa kujengea. Chuo cha sanaa hakusoma. Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi kwa makosa, wakidhani ni mwizi, akafa. Kuna katoto kakahesabu kwa vidole kakasema, "Kwa hiyo alichora miaka minne tu?" Hakuna aliyeandika chochote hapo, na nawahakikishia hakuna aliyesahau.

Sasa dada akauliza, "Humu nani anachora?"

Darasa zima likataja jina moja. Kwa sauti, kama vile wamekubaliana. Huyo ndiye anawachorea ramani za jiografia, huyo ndiye kachora treni ya SGR kwa mkaa ukutani kwao. Dada akatabasamu, "Haya asimame tumwone."

"Hayupo dada. Hakulipa."

Mwalimu akaangalia simu yake. Simlaumu sana, na yeye ana watoto 90 na mshahara wa mwalimu. Mchanganuo niliuona: kiingilio cha wanafunzi ni hela ndogo, kinachokula mchango ni Kosta na chipsi. Yaani kilichomwacha mtoto shuleni ni mafuta ya gari.

Usiku nikajichimbia na bando langu kutafuta kama kuna mahali wamewahi kupima faida ya hizi tripu. Nikakutana na makumbusho ya sanaa ya Crystal Bridges, mji wa Bentonville, Arkansas, Marekani. Ilifunguliwa 2011, mwanzilishi ni Alice Walton wa familia ya Walmart. Shule zilizoomba kwenda zikazidi nafasi, watafiti wakapiga kura: wengine waende sasa, wengine wasubiri. Wanafunzi 10,912 kutoka shule 123. Ziara kama saa moja, picha tano hivi, maswali mengi kuliko hotuba. Baada ya wiki kadhaa wakawauliza. Kuna picha ya watu wanapika sukari ya utomvu wa mti. Asilimia 88 ya walioiona walikumbuka kwamba waliopinga utumwa waliitengeneza ili kuua soko la sukari ya watumwa. Mtihani haukuwepo. Na waliofaidika zaidi ni watoto wa vijijini na wa shule za maskini. Halafu kule basi na chakula cha mchana vilikuwa bure.

Rudini kwenye wale 41 wangu mjiulize nani alibaki.

Tulipokuwa tunaondoka nilimvuta yule dada pembeni. Akaniambia niende na mtoto Jumamosi, atakuwepo. Nikamfuata mama yake, anauza samaki wa kukaanga karibu na stendi. Nikamwamkia, nikajieleza. Akageuza samaki kwanza. "Mdogo wangu, 18,000 ni mtaji wangu wa siku mbili. Na akishaiona hiyo picha, itakuwaje?" Jibu la maana sikuwa nalo. Nikamwambia nauli ni daladala tu, nalipa mimi, saa saba nitakuwa nimemrudisha. Akasema sawa, ila asivae viatu vya shule, vitaisha.

Tukaenda, mimi, mtoto wa dada na yeye. Hana maneno mengi. Kwenye Rolls-Royce alipita tu. Kwa yule chui alisimama mpaka mtoto wa dada akaanza kulalamika njaa. Dada akamuuliza lile lile, unaona nini? Akanyoosha kidole bila kugusa: "Hapa rangi ilimshuka kabla haijakauka, akaifanya doa."

Dada akasogea karibu kuangalia. Watoto 41, mwalimu, na mimi na macho yangu yote, hakuna aliyeliona.

Muhula ujao shule inaenda Bagamoyo. Mchango umetangazwa tayari, 25,000. Kuna mdau mwenye Kosta humu?